Hodi ya Wasiozaliwa Bado

Kipindi changu cha kwanza redioni kilimlaza shangazi yangu usingizi, naye alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Mtu anayeweza kusinzia juu ya mbuzi, kifuu mkononi, amechoshwa kwelikweli.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Lindi mjini. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenichukua kutoka Mchinga nilipokuwa mdogo ili nisome mjini, na hadi leo tunaishi pamoja. Kodi nalipa mimi, amri anatoa yeye. Redio ya jamii ya hapa mjini ilikuwa imeniomba niwe naeleza sayansi kwa lugha nyepesi, kila Alhamisi jioni, nami nikaanza na somo ninalolipenda kuliko yote: sauti. Nikaeleza jinsi inavyosafiri hewani, jinsi inavyokimbia zaidi ndani ya maji, jinsi inavyogonga ukuta na kurudi. Nilitoka studio nikijiona nimefanya jambo. Nilipofika nyumbani nikamkuta shangazi kidevu kimegusa kifua, na redio pembeni yake inaendelea na matangazo ya vifo.

Kesho yake mkuu wa kituo, mwanamke wa rika langu ambaye hana muda wa kuzungusha maneno, akanipigia.

"Mwalimu, maneno yako ni ya kweli tupu," alisema. "Lakini watu wanahama. Wanakwenda kwenye taarabu."

"Sasa nifanyeje?"

"Niletee sayansi yenye watu ndani yake."

Neno hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Nikakumbuka mchezo niliokuwa nikiucheza peke yangu Mchinga. Maji yakijaa, nilikuwa nazamisha kichwa, nafumba macho na kusikiliza. Huko chini unasikia mambo: mawe yakigongana mbali, injini ya boti usiyoiona, mlio mwembamba usioujua ni wa nini. Nilikuwa naamini kwamba bahari haisahau sauti yoyote, kwamba kila kilichowahi kusemwa ufukweni kiko humo kinazunguka. Fizikia baadaye ilinikatalia. Lakini fizikia haikukataza kutunga.

Basi nikatunga mchezo wa redio. Katika mji mmoja wa pwani, ambao sikuupa jina, anafika binti mtaalamu wa bahari. Anazamisha chombo cha kusikiliza chini kabisa, ili tetemeko likianza mbali watu waonywe mapema kabla ya mawimbi kuwafikia. Badala ya tetemeko, chombo kinaanza kuleta sauti za watu. Wanacheka, wanaitana, wanalia. Mji unaingiwa na hofu: tumevamiwa na mizimu! Mzee mmoja mkaidi, anayeishi peke yake karibu na ufuko, ndiye anayesikiliza kwa makini na kugundua kwamba sauti hizo zinataja vitu ambavyo havijakuwapo duniani. Si wafu hata kidogo. Ni watu wasiozaliwa bado, vitukuu wa vitukuu wa mji ule ule, na sauti zao zinarudi nyuma kupitia maji. Na wao huko waliko wanatusikia sisi, wanatetemeka, wanadhani mizimu ni sisi.

Nilimsomea shangazi jikoni akiwa anapara samaki. Safari hii hakusinzia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaosha kisu, akauliza:

"Wamesalimia?"

"Nani?"

"Hao mizimu wako. Naona wanaingia tu, wanaanza kulia. Hapana, mwanangu. Mtu wa pwani, awe amekufa, awe hajazaliwa, haingii kwa watu bila hodi."

Nilitaka kubisha, nikashindwa. Usiku uleule nikaandika upya mwanzo wote. Sasa katika mchezo wangu chombo kinazamishwa, kimya kinatanda, kisha kutoka chini ya bahari inasikika sauti moja tu, ya upole, yenye adabu zake: "Hodi!" Na mjini hakuna anayejua kama inafaa kuitikia.

Mkuu wa kituo aliusoma palepale. "Mwili umenisisimka," akasema. "Tafuta watu wa kuigiza."

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Walimu wenzangu walijitolea, lakini kila mmoja alisoma kana kwamba yuko mstarini asubuhi anawatangazia wanafunzi kufagia uwanja. Binti mtaalamu wa bahari niliamua kumwigiza mwenyewe. Shangazi alijipa nafasi ya jirani mbea wa yule mzee, wala hakuuliza ruhusa. Aliyekosekana ni mzee mwenyewe.

Sikumpata kwa kumtafuta. Nilikwenda kununua kitambaa. Chumba tulichotaka kurekodia kilikuwa na mwangwi mbaya, na nilihitaji kitu kizito cha kutundika ukutani. Nikaenda kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja ambaye babu yake alishukia Lindi akitokea Bara Hindi. Yeye mwenyewe alizaliwa chumba cha juu ya duka hilo hilo, na Kiswahili chake ni cha hapa hapa, na Kimwera cha sokoni anacho. Zamani watu walikuwa wanaingia dukani kwake wakitaka kanga moja na kutoka wamesikia visa vitatu. Lakini mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo mzee alikuwa mtu wa kupima na kukata. Ukimuuliza bei anaonyesha kwa vidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba kitambaa kizito."

Akaashiria upande wa mapazia.

"Si cha pazia," nikasema. "Cha kuzuia sauti."

Akanyanyua uso. "Sauti ya nani?"

"Ya mizimu, mzee."

Alinitazama kwa muda kama mtu anayepima uzito wa kitu kwa macho. Kisha akanyoosha mkono, nikampa karatasi nilizokuwa nazo. Alivaa miwani, akasoma kimya ukurasa wa kwanza, akatikisa kichwa.

"Mzee wako huyu anaongea kama barua ya serikali."

"Angesemaje?"

Akasoma tena, safari hii kwa sauti, lakini kwa maneno yake. Sijui niielezeje sauti ile. Ilikuwa nzito, halafu mwishoni mwa sentensi ikakwaruza kidogo, kama kaniki inapochanwa. Mteja aliyekuwa akichagua mashuka aliacha kuchagua. Mzee alipofika mwisho wa ukurasa akaniuliza swali moja tu.

"Anakufa?"

"Hapana. Mzee hafi."

"Basi nitacheza," akasema. "Na hicho kitambaa usinunue. Njoo huku."

Akanipeleka stoo, nyuma ya duka. Majora ya vitambaa yalipangwa kutoka sakafuni hadi darini, kila upande. Nilipiga kofi moja. Kofi lilikufa papo hapo, halikurudi hata chembe. Miaka yote nafundisha ufyonzaji wa sauti kwa kuchora ubaoni, kumbe maabara yake ilikuwa nyuma ya duka hili, inanukia pamba mpya na dawa ya nondo.

Tukaanza kurekodi jioni, duka likishafungwa, baada ya swala ya alasiri. Shangazi alianza kila siku kwa bismillahi na kwa kuonya kwamba mizimu ikiwa ya karatasi ni sawa, ila asisikie mtu anaita majina ya kweli ya majini. Mkuu wa kituo alikaa na mitambo yake juu ya marobota. Mimi nilikuwa binti wa bahari na pia fundi wa milio. Chombo kikizama, nilikuna nazi taratibu karibu kabisa na maikrofoni. Mapovu nilipuliza kwa mrija ndani ya ndoo. Radi ilikuwa bati. Na sauti za watu wasiozaliwa tulizisemea ndani ya bomba refu la plastiki la kuvutia maji, ambalo mzee alilitoa uani kwake. Sauti ikipita humo inatoka imepoa, iko mbali, wala haina mwenyewe.

Shida ilikuwa shangazi na mzee. Yeye mzee alitaka kila neno lisomwe kama lilivyoandikwa, baada ya kuwa amekwisha kuyabadilisha maneno yake yote. Shangazi hakusoma kabisa. Alisikia sehemu yake mara moja, akaitia kichwani, na kila tuliporudia aliitoa tofauti, ndefu zaidi ya mwanzo.

"Dada," mzee akamwambia siku moja, "hilo la mume wa jirani kutoroka na mpishi halijaandikwa."

"Na wewe kukohoa kumeandikwa wapi?"

"Mimi nimekohoa kwa sababu ya vumbi!"

"Na mimi nimesema kwa sababu ya ukweli. Huyu mwanamke ninayemwigiza namjua."

Mkuu wa kituo aliacha mitambo inaendelea. Ugomvi ule wote tuliurusha hewani kama ulivyo, na kuna watu mpaka leo wananiuliza yule mpishi aliishia wapi.

Kilichotusumbua kingine ni mwangwi. Stoo iliua sauti vizuri mno, na ile "Hodi!" ya kwanza ilihitaji kuwa na ukubwa nyuma yake. Nikasema magofu ya Kilwa Kisiwani yana kuta za kutosha. Mkuu wa kituo akaomba ruhusa kwa wahusika, akajaza mafuta kwenye gari lake, na Jumamosi moja asubuhi tukaondoka wanne. Tulipopita Mchinga, shangazi alitaka tusimame asalimie, tukamkatalia kwa sababu tunajua salamu zake zinakwenda mpaka adhuhuri. Baada ya hapo wakabishana na mzee juu ya mihogo, ipi mitamu, ya Kiswere au ya Njinjo, mpaka Nangurukuru. Mzee aliyekuwa akionyesha bei kwa vidole alibishana njia nzima.

Kutoka Kilwa Masoko tulivuka kwa boti ya injini. Kisiwani tulitembea hadi kwenye jumba kubwa la kale lililo juu ya jabali, ambalo vyumba vyake vingi havina paa na kuta zake bado zimesimama. Hapo mzee akauacha ubishi wa mihogo. Akapitisha kiganja kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, taratibu, kama anavyopapasa kitambaa.

"Mama wa nyumbani kwangu alitaka sana kuja hapa," akaniambia. "Kila mwaka tunasema mwakani. Duka, watoto, duka. Mwakani."

Shangazi ndiye aliyejibu, kwa namna yake. "Basi mpigie hodi, kaka," akasema. "Wewe si umefika?"

Mzee akaingia katikati ya ukumbi, akajiweka sawa, akavuta pumzi. Mkuu wa kituo akainua mkono. Mzee akaita:

"Hodi!"

Sauti ilizunguka kuta, ikapanda, ikashuka, ikarudi imezeeka. Na kabla haijafifia, kutoka nyuma ya ukuta, mbuzi akaitikia: "Meee!"

Mbuzi wa kweli huyo, wa miguu minne, wa wenyeji wa kisiwa. Tulirudia. Akaitikia. Nikaenda kumfukuza, akasogea hatua chache, tuliporudia akaitikia kwa nguvu zaidi. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini akishika mbavu, na mzee, ambaye kwa mwaka mzima hakuna aliyeona meno yake, aliegemea ukuta machozi yakimtoka, akicheka bila sauti. Kila akitaka kuita tena anashindwa.

"Tuache hivyo," mkuu wa kituo akasema, akipangusa macho. "Mji mzima unaogopa kuitikia. Anayeitikia ni mbuzi. Iacheni."

Tukaiacha. Sehemu ya kwanza ikaisha hivyo: chombo kinazama, bahari inatulia, hodi inapigwa kutoka kwa watu wasiozaliwa, mji umeganda kwa hofu, na mbuzi mmoja anaitikia.

Ilirushwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilipoingia darasani wanafunzi wote waliniamkia kwa mlio wa mbuzi. Nilijifanya nimekasirika, nikageukia ubao ili wasinione. Kisha msichana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye hajawahi kunyoosha mkono katika somo langu, akanyoosha. Alitaka kujua kwa nini sauti ikimbie zaidi ndani ya maji wakati maji ni mazito kuliko hewa, si ingepaswa kuchoka? Nilimjibu kipindi kizima, na hakuna aliyelala.

Lakini kilichotushangaza ni mitaani. Watu waliacha kuitikia hodi. Mama anayepitisha samaki mtaani kwetu alisimama mlangoni kwa jirani akaita hodi, akaita tena, ndani anasikia watu wananong'ona na hakuna anayetoka. Ikabidi ataje jina lake, la mamaye na hata bei ya vibua ndipo mlango ufunguliwe. Alikuja kwetu amefura.

"Mwalimu, umeniharibia biashara! Kwani mimi mzimu?"

"Nisamehe, mama."

"Nisikusamehe kwa nini, lakini niambie: hao watoto wa baharini wanataka nini?"

"Subiri Alhamisi."

"Siwezi. Niambie sasa, nami nitakupunguzia samaki."

Baadaye watu wakajitungia dawa. Kaka yangu alinipigia kutoka Mchinga kunieleza. Huko sasa mtu akipiga hodi, aliye ndani anauliza kwanza, "Umeshazaliwa?" Wa nje anajibu, "Nimeshazaliwa!" Ndipo anaambiwa, "Basi karibu." Watoto walianza, watu wazima wakafuata, na kaka aliapa kwamba alimsikia mpaka mtu mzima anayekwenda kuposa akiulizwa hivyo mlangoni, na akajibu bila kucheka.

Mzee wa vitambaa akarudiwa na wateja. Walikuja kununua kanga, na walikuja kuisikia sauti ikiwataka radhi kwamba chenji hana. Wengine walimwomba aseme "Hodi" tu, waondoke. Alikuwa anakataa kwa heshima, anasema sauti ni ya Alhamisi.

Katikati ya hayo mwanawe akafika kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Alikuwa amepiga simu miezi na miezi, baba anaitika kwa neno moja au haitiki kabisa, na majirani walishamwambia kwamba mzee anakunywa chai na biskuti ndiyo chakula cha siku. Alikuja na uamuzi: duka lifungwe, baba akaishi nao Dar, ghorofani, na wajukuu. Hakuwa ameambiwa habari za mchezo. Alimtafuta baba yake dukani, akamkosa, akafuata sauti mpaka stoo, akafungua mlango. Alimkuta baba yake amejifunika doti ya kanga kichwani ili kuzuia kelele za barabarani, ananguruma ndani ya bomba la maji, mbele ya wanawake watatu.

"Baba? Unafanya nini?"

Mzee akainua kidole bila kugeuka. "Niko baharini. Subiri."

Akasubiri. Alisimama pale na begi lake begani mpaka tulipomaliza. Kisha wakatoka wawili kwenda mbele ya duka, na kwa kuwa vitambaa vinazuia sauti lakini mlango ulikuwa wazi, tulisikia.

"Nimekuja kukuchukua, baba. Tulikubaliana."

"Ulisema. Mimi nilinyamaza."

"Ulinyamaza nikajua umekubali."

"Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na neno. Mwaka jana ungeniambia twende Uchina ningepanda gari. Sasa siwezi kuhama. Nina kipindi Alhamisi."

"Baba, huo ni mchezo."

"Ndiyo. Umesikia wangapi wananiamkia asubuhi kwa sababu ya mchezo?"

Kijana, ingawa kijana mwenyewe ana mvi mbili tatu, akalitua begi chini. Shangazi akatoka stoo, akamkaribisha chakula cha jioni kwetu kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. Alikula wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, akasikilizishwa sehemu zilizopita, na ilipofika kwa mbuzi alicheka kama baba yake, bila sauti.

Ilikuwa imebaki sehemu ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeimaliza kitambo. Mji unazidiwa na hofu, na binti wa bahari anakizima chombo. Kimya. Niliona ni mwisho mzuri, wa huzuni kidogo, wenye hekima. Mzee aliusoma, akaukunja, akanirudishia.

"Sisemi hii."

"Kwa nini, mzee?"

"Watu wamepiga hodi tangu sehemu ya kwanza. Leo unawafungia mlango?"

Nikamgeukia shangazi, ambaye tangu tuanze hakuwahi kukubaliana naye hata juu ya mihogo. Shangazi akasema, "Ana haki."

Nikarudi nyumbani, nikaandika mwisho mwingine. Mzee wa mchezoni anashuka ufukweni, anaweka mdomo kwenye chombo, na kuwajibu. Nilimwandikia hotuba. Ilikuwa na mawimbi, wakati, damu inayorithiwa, na jinsi kila kizazi kilivyo mzimu wa kingine. Nilikuwa nikiisoma na kujipongeza mwenyewe.

Siku ya kurekodi, mwana tulimpa bati. Alilishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, tayari kwa radi. Shangazi alimaliza sehemu yake kwa ufupi wa kushangaza. Nilipuliza mapovu. Mkuu wa kituo akaiachia ile hodi ya Kisiwani, tukaisikia ikizunguka kuta zake, safari hii bila mbuzi. Mzee akaivua miwani. Karatasi zangu akaziweka juu ya jora la khaki. Akausogelea mdomo wa bomba.

"Karibu," akasema. "Vua viatu hapo mlangoni. Chai iko tayari."

Basi.

Nilikuwa nasubiri radi, kwa sababu radi iliandikwa pale. Haikuja. Nikageuka, nikamwona yule mwana analishusha bati chini polepole, inchi kwa inchi, asije akalitikisa, mpaka likagusa sakafu bila mlio. Kisha akakaa juu ya robota, akafunika uso. Baadaye alinieleza nje kwamba maneno yale yalikuwa ya mama yake. Kila aliyepanda ngazi za nyumba yao, mgeni, mdai, ndugu, fundi bomba, aliambiwa hivyo hivyo kutoka jikoni, na yeye hakuwa ameyasikia tangu siku ya mazishi. Mimi sikuwa najua. Shangazi alikuwa anajua, kwa kuwa alishazipanda zile ngazi mara nyingi, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikaa kimya.

Hotuba yangu haikurekodiwa. Ninayo bado, na kusema kweli si mbaya.

Mwana alibaki hadi Alhamisi. Tuliisikiliza sehemu ya mwisho barazani pa duka, redio juu ya kiti, watu wamejaa mpaka barabarani na muuza kahawa anapita katikati. "Karibu" ya mzee ilipotoka, wengine waliitikia "Ahsante" bila kufikiri. Halafu zikapigwa hodi nyingi kutoka pande zote, na mbuzi pia walikuwapo, wa kuigiza. Mama wa samaki alilia waziwazi na akadai ni moshi wa mkaa wa kahawa.

Jumamosi mwana akaondoka kwa basi la asubuhi, peke yake. Walikubaliana, na safari hii wote wawili walisema: baba atakwenda Dar kwa sikukuu ya Idi, atakaa anavyotaka, atarudi anavyotaka, na mtu wa kumpikia mchana atapatikana. Alikwenda kweli. Alirudi mapema kidogo akisema wajukuu wazima, chakula kizuri, lakini lifti inaongea Kiingereza na haisubiri jibu. Siku hizi simu ya mwanawe anaipokea mlio wa kwanza, na mazungumzo yao wateja wote tunayafuata.

Shangazi naye ameonja, hawezi kuacha. Ameanza kunisimulia mchezo wake mwenyewe, mimi naandika. Wanawake wa Kiswere wanalima mwani mwezini, na biashara inakwenda vizuri, mpaka anapotokea pweza mkubwa anayedai shamba ni la babu zake. Tulimpelekea mzee dukani sehemu ya mwanzo ili achague nafasi yake. Alisoma huku akimpimia bibi harusi kitambaa.

"Nampenda pweza," akasema.

"Mzee, pweza hana maneno," nikamwambia. "Shangazi hakumpa hata neno moja."

"Utamsikia," akajibu, akavuta kitambaa urefu wa mkono mmoja zaidi ya alioombwa, kwa ajili ya harusi, akakata.